Kwaresma ya Mtu Mwenye Madeni: Namna ya Kufunga, Kusoma na Kutoa kwa Siku Arobaini

Mwaka ule niliapa mambo matano kwa mpigo: soda, sukari, nyama, tamthilia ya saa tatu usiku, na kuchungulia simu baada ya chakula cha jioni. Jumatano nikapakwa majivu. Jumamosi nikajikuta kwenye sendofu ya binti wa jirani, paja la kuku mkononi, soda ya pili mezani, na simu nikiwa nimeishika kwa mkono wa kushoto ili nisiipake mafuta. Kilichonusurika ni sukari peke yake, na hiyo ni kwa sababu nilikuwa sijainunua.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mtu wa namna yangu, mwenye kazi, mwenye watoto, anayepanda daladala, ambaye kila mwaka huingia Kwaresma kwa kishindo na kutoka kwa kunyata. Mimi ni Mkatoliki wa Dar es Salaam, katibu wa jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaani wanaosali pamoja, kwa hiyo kalenda na sheria nitakazozitaja ni za kwetu. Mlutheri na Mwanglikana nao wanaishika Kwaresma, kwa hiyo mengi watayatambua. Watakachokiona kigeni wakiruke.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla hazijakufikia

Wengi wetu huamshwa na tangazo la kanisani la kuleta matawi ya mwaka jana yachomwe. Majivu tunayopakwa ni ya matawi yale tuliyoyapunga Dominika ya Matawi iliyopita, na kila mwaka kuna mtu anayerudi nyumbani mbio kuchungulia nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu aone kama lake bado lipo.

Usisubiri tangazo. Pasaka huadhimishwa Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, na Jumatano ya Majivu hurudi nyuma siku 46 kutoka hapo. Mwaka 2026 iliangukia 18 Februari. Mwaka 2027 ni 10 Februari, na 2028 ni 1 Machi. Kuanzia Jumatano hiyo hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukitoa Dominika 6, ambazo si siku za kufunga kwa kuwa kila Dominika ni Pasaka ndogo, zinabaki 40.

Kwaresma ya mapema ina taabu yake: inakukuta bado unahema kwa ada za Januari, mfuko umeshafunga wenyewe bila kuuliza paroko. Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, chora mstari kwenye siku hizo 46, kisha weka alama kwenye shughuli unazozijua tayari: sendofu, safari ya kikazi, mitihani ya watoto, arobaini ya marehemu kijijini. Hizo ndizo siku ambazo saumu yako itajaribiwa. Ukiziona mapema utaamua mapema, na mtu aliyeamua nyumbani hapati shida sana mbele ya sinia la pilau.

Hatua ya 2: Daftari kwanza, sufuria baadaye

Hatua hii nimeijua kwa kuchelewa, ndiyo maana naiweka mbele ya chakula.

Ilikuwa Jumatatu ya juma la kwanza la Kwaresma, mwaka uleule wa sendofu. Nimebahatika kiti cha dirishani, daladala imekwama kwenye foleni ya Ubungo, nikafungua masomo ya siku kwenye simu ili muda upite. Somo la kwanza lilikuwa Walawi 19. Mstari wa 13 unakataza kumdhulumu jirani, kisha unaleta jambo linalofanana na tangazo la ofisini kuliko sala: ujira wa mtu uliyemwajiri usilale kwako hadi asubuhi.

Nikasoma, nikapita, nikarudi. Dada wetu wa kazi za nyumbani alikuwa hajalipwa mshahara wake. Ilikuwa siku ya kumi. Fedha sikukosa, nilikuwa nimeitanguliza kwenye mchango wa sendofu nikisema nitaifidia "katikati ya mwezi". Halafu nikakumbuka sukari. Tangu Jumatano nilikuwa sijanunua sukari kwa sababu mimi nimefunga sukari. Dada ni Msabato. Kwaresma si yake. Siku tano alikuwa anakunywa chai chungu kwa ajili ya wongofu wangu.

Usiku ule nikamlipa. Akahesabu noti, akazikunja, akaniuliza kwa adabu zote: "Sasa mama, na sukari itanunuliwa?"

Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nimeshaonywa. Ijumaa na Jumamosi zinazofuata Jumatano ya Majivu Kanisa husoma Isaya 58, ambapo watu wanamlalamikia Mungu kwamba wanafunga na yeye haoni, naye anawajibu kwamba siku ya saumu yao wanafuata yao wenyewe na kuwalemea watumishi wao. Sikuisoma. Ijumaa nilikuwa na shughuli.

Basi fanya hivi. Kabla ya Jumatano ya Majivu chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, lichore mstari katikati. Upande mmoja andika "Wanaonidai", upande wa pili "Ninaowadai". Upande wa kwanza usiweke benki wala mkopo wa kazini. Hao wana namna zao za kukukumbusha. Andika wale wasio na nguvu ya kukudai: fundi cherehani, bodaboda uliyemwambia "kesho nitakupa", mangi wa duka la kona, kijana aliyezibua choo, mfiwa uliyeahidi mchango mbele za watu ukanyamaza baada ya mazishi. Andika pia madeni yasiyo ya fedha, kama simu ya mzazi ambayo hujaipiga, au samahani ambayo mwenzako ameisubiri tangu Krismasi.

Lipa wadogo kwanza. Fedha ikikosekana, mfuate mtu umwambie tarehe. Kupita kichochoro cha nyuma ili muuza genge asikuone ni mazoezi ya miguu tu, na Mungu hajayaomba.

Upande wa pili uache kwanza. Una siku yake, Jumanne ya juma la tatu, Injili inapokuwa Mathayo 18:21-35. Ni habari ya mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo deni lile dogo halikuwa senti mbili tatu, lilikuwa zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Napenda kwamba Yesu hakulifanya deni la mwenzetu kuwa utani. Upande wangu wa pili ulikuwa na shilingi 35,000 za mama muuza maandazi, za miaka miwili nyuma. Nilikusudia kuzifuta Jumanne ileile. Nilizifuta Alhamisi, na bado nilibonyeza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Hatua ya 3: Chagua saumu moja, iwe ndogo hadi uione aibu kuitaja

Kwanza sheria, maana watu wanaichanganya. Kanisa Katoliki linaamuru kufunga na kuacha nyama siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa nyingine ni siku za kuacha nyama, au kujinyima kingine kadiri maaskofu wa mahali walivyopanga. Sikiliza matangazo ya parokia yako. Kufunga kunamhusu mwenye miaka 18 hadi anapotimiza 59. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Kufunga kwenyewe ni mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifikii mlo mzima. Mayai na maziwa hayamo katika katazo la nyama, kwa hiyo chipsi mayai ya Ijumaa haivunji sheria. Samaki naye ruksa. Lakini ukiiacha nyama ya kilo moja ukaenda soko la samaki la Feri kununua changu wa bei mara mbili, sheria umeitimiza na Kwaresma umeikosa.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani viliangukia wiki moja. Jirani yangu wa ukuta mmoja, Mwislamu, mama wa makamo ambaye hafichi neno, alinikuta kibarazani na kikombe. "Jirani, si umesema mmefunga? Mbona naona chai?" Nikamweleza mlo mmoja na vidogo viwili. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi hapo mmepunguza, hamjafunga."

Sikumbishia. Sheria yetu ni nyepesi kwa makusudi. Papa Paulo VI alipoipanga upya mwaka 1966 alisisitiza sana kwamba toba haiishii tumboni, na akataka sala na matendo ya huruma viende pamoja na saumu. Kilichotokea kwetu wengi ni kwamba tumeuchukua wepesi na kusahau vilivyotakiwa kuandamana nao.

Kwa hiyo mbali na siku mbili za amri, chagua kitu kimoja tu cha siku arobaini. Kiwe na sifa tatu. Kiwe kitu unachokifanya kila siku, maana kuacha unachokigusa mara moja kwa mwezi ni kujipongeza bure. Kisimguse mwingine bila ridhaa yake, sukari imenifundisha. Na kiache kitu nyuma, fedha au muda, ambacho unaweza kukishika na kumpa mtu. Soda ya mchana inaacha shilingi kadhaa. Bodaboda ya kutoka kituoni hadi nyumbani inaacha nauli, na inakupa dakika ishirini za kutembea ambazo rozari inaingia bila kubanana. Tamthilia inaacha saa nzima.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, au anayemeza dawa zinazotaka chakula: usifunge chakula. Meza dawa zako kwa saa zake. Kaa na paroko mchague kingine. Nimeona kwenye jumuiya mtu akianguka katikati ya Njia ya Msalaba kwa kuficha ugonjwa, tukabaki kituo cha saba tunampepea kwa kitabu cha nyimbo.

Na usitangaze. Injili ya Jumatano ya Majivu imeweka wazi: "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso." Huwa nacheka kidogo kwamba tunaisikia Injili hiyo kisha tunatoka na alama ya majivu kwenye paji la uso kupiga picha ya kuweka hadharani. Ukikaribishwa chakula sema "nimeshiba, asante". Ukilazimishwa na mama mkwe, kula.

Hatua ya 4: Neno lipewe saa, mahali na kalamu

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo tunapopita mbio.

Masomo ya Misa za siku za juma katika Kwaresma hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Ni yaleyale, kwa hiyo ukishayaandika mara moja kwenye karatasi una ratiba ya maisha. Yanayobadilika ni ya Dominika, yanayokwenda kwa miaka mitatu: A, B na C. Kujua upo mwaka gani, jumlisha tarakimu za mwaka. Zikigawanyika kwa 3 ni C. Mwaka 2025 ni 2+0+2+5, yaani 9, kwa hiyo C. Uliofuata ni A, kisha B. Ukiukuta mwaka A, shukuru: Dominika ya tatu, ya nne na ya tano zina simulizi tatu ndefu za Yohane, mwanamke Msamaria kisimani, kipofu tangu kuzaliwa, na kufufuliwa kwa Lazaro. Zilichaguliwa tangu zamani kuwaandaa wakatekumeni wanaobatizwa usiku wa Pasaka, na hata mtu aliyebatizwa akiwa na wiki mbili bado zinamkuta na kiu, upofu na kaburi lake.

Tahadhari moja ya kiufundi. Biblia iliyoenea kwetu, Union Version ya 1952, pamoja na programu nyingi za simu zinazoitumia, haina vitabu saba tulivyonavyo Wakatoliki: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na viwili vya Wamakabayo. Haina pia sehemu za Esta na Danieli zilizoandikwa kwa Kigiriki. Kwaresma inavigusa. Alhamisi ya juma la kwanza ni sala ya Esta; Jumanne ya juma la tatu ni sala ya Azaria ndani ya tanuru; Ijumaa ya juma la nne ni Hekima sura ya 2; Jumatatu ya juma la tano ni Susana na wazee wawili waliomsingizia, Danieli 13. Ukitafuta "Danieli 13" kwenye simu ukaambiwa kitabu kinaishia sura ya 12, simu yako haijaharibika. Tafuta Biblia ya Kiafrika, Habari Njema yenye vitabu hivyo, au misale, kile kitabu chenye masomo ya Misa.

Saa ninayoipendekeza ni alfajiri, kabla ya kuwasha intaneti. Nikiwasha kwanza, kundi la jumuiya linakuwa limeshatuma masomo ya leo mara tatu kutoka kwa watu watatu, mmoja wao ametuma ya jana, na chini yake kuna mjadala wa sare za kwaya. Dakika kumi na tano zinatosha. Daftari lako la madeni liwe pembeni, na kalamu.

Soma Injili kwa sauti, polepole, mara mbili. Mara ya pili usitafute ujumbe mzito. Tafuta kitenzi kimoja. Nani anafanya nini? Kiandike. Chini yake andika jina la mtu mmoja utakayekutana naye leo. Basi, funga daftari ukaandae uji wa watoto.

Nitaonyesha kwa Alhamisi ya juma la pili, Luka 16:19-31, tajiri na Lazaro. Mwaka mmoja kitenzi kilichonishika ni "huwekwa": maskini Lazaro huwekwa mlangoni pa tajiri. Yaani hakuja mwenyewe. Kuna watu walikuwa wanambeba kila siku na kumlaza pale, wakiamini mwenye nyumba hawezi kumkosa. Na tajiri yule hasemwi kwamba alimpiga wala kumfukuza. Alikuwa anapita tu. Nikaandika "getini". Kwenye geti la kazini kwetu kuna mlinzi aliyenifungulia kwa miaka miwili na jina lake silijui, wakati katika simulizi lile mwenye jina ni maskini na tajiri hana. Asubuhi ile nikamuuliza jina. Akanitajia, akanitajia na la mwanawe anayesoma darasa la nne, na tukaachana kwa kuwa gari lilikuwa linapiga honi nyuma. Sikumpa kitu siku hiyo. Lakini jina liliingia kwenye daftari, na hatua inayofuata itaeleza lilikoishia.

Ukisoma na wenzako kwenye jumuiya, pengine mnatumia zile hatua saba za kushirikishana Injili zilizotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyokugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kujadili kazi ya kufanya, na kusali. Kama katibu nakiri kwamba hatua ya sita, ile ya kazi, ndiyo inayokufa. Tukifika hapo mwenyekiti hutazama saa, na "kazi ya kufanya" inageuka kuwa michango ya ukarabati wa kigango. Ombeni dakika tano tu: nani mgonjwa mtaani, nani ataenda, lini. Andikeni majina mawili ya watakaokwenda. Nchini Kenya Tume ya Haki na Amani ya maaskofu huandaa Kampeni ya Kwaresma kila mwaka, na jumuiya hupata mada ya kila juma inayogusa maisha ya nchi, kwa hiyo wenzetu hatua ya sita wameletewa mezani. Ukiwa na ndugu huko, mwombe akutumie.

Hatua ya 5: Kopo

Fedha ya saumu isipowekwa pembeni siku hiyohiyo hupotea. Hutaiona ikiondoka. Soda uliyoiacha mchana itanunua vocha jioni.

Tafuta kopo la maziwa ya unga, toboa mfuniko, liweke juu ya friji au mahali watoto wanapoliona. Kila jioni weka kile hasa ulichokiacha, shilingi kwa shilingi. Wanaopendelea simu wajifungulie akiba ya pembeni, ila mimi nimeona watoto hawajifunzi kitu kwa fedha wasiyoisikia ikilia. Wangu walianza kuweka sarafu zao za biskuti bila kuambiwa, na mmoja alianza kuzichokonoa kwa kijiti, tukazungumza.

Mapema kabisa amua fedha inakwenda kwa nani. "Maskini" peke yake haitoshi, taja mtu. Kopo letu la mwaka ule lilinunua madaftari na viatu vya mtoto wa mlinzi. Kabla ya kutoa, uliza kinachohitajika. Mimi nilishapanga begi, kumbe begi alikuwa nalo. Mpe mzazi ampe mwanawe yeye mwenyewe, na usipige picha. Sadaka ya kanisani itoe kwenye bahasha yake kama kawaida, isitoke kwenye kopo.

Hatua ya 6: Ijumaa

Njia ya Msalaba ina vituo 14, na parokia nyingi huifanya Ijumaa jioni. Foleni ya mjini ikikukamata ukafika kituo cha tisa, ingia tu, usijifiche nyuma ya nguzo. Ukikwama kabisa, fanya kimoyomoyo ndani ya daladala. Itikio unalijua: "Kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu." Kituo cha tano, Simoni wa Kirene, kinafaa sana kwa anayerudi kazini amechoka, maana naye alikuwa anatoka shamba, anapita zake, akashikwa kubeba mzigo usio wake.

Hatua ya 7: Ukianguka

Utaanguka, pengine juma la pili. Usianze kuhesabu upya na usijiongezee adhabu. Kesho yake endelea ulipokuwa. Kama ulikula ulichokiacha, weka bei yake kwenye kopo, lala.

Kitubio usikiache hadi Juma Kuu. Wote tulikariri kwenye katekisimu kwamba tuungame walau mara moja kila mwaka, na wote tunaukumbuka mwaka huo siku tatu kabla ya Pasaka. Foleni inazunguka kanisa, padre mmoja ana watu mia, nawe unajikuta unafupisha dhambi kwa huruma ya walio nyuma yako. Nenda juma la tatu, siku ya kawaida, baada ya Misa ya asubuhi. Nenda na daftari kichwani: kwa wale ambao hujawalipa au hujawaomba radhi, padre atakuuliza, na ni vizuri uwe na tarehe.

Kuna Ijumaa ya juma la kwanza ambapo Injili inamwambia mtu aiache sadaka yake madhabahuni, aende kwanza apatane na ndugu yake. Ndugu yangu mmoja wa damu nami tulikuwa hatusemezani kwa ajili ya kiwanja cha urithi. Nilimpigia. Tulizungumza habari za mvua kwa dakika nne. Kiwanja bado kina mgogoro, ila sasa tunaugombania kwa simu, si kwa kupitia shangazi.

Hatua ya 8: Juma Kuu, kwa upande wa maandalizi

Ijumaa kabla ya Dominika ya Matawi fungua kopo, hesabuni pamoja, fedha itoke kabla ya Pasaka ili mwenye kupokea naye aandae sikukuu yake. Matawi yakishabarikiwa yaweke mahali pamoja utakapopakumbuka mwakani.

Alhamisi Kuu Misa ni jioni, na mwajiri wa mjini mara nyingi hana habari, kwa hiyo omba ruhusa ya kutoka mapema tangu Jumatatu. Ijumaa Kuu ni saumu kamili na ibada ya mchana. Pika viazi vitamu au mihogo asubuhi ili usishinde jikoni. Jumamosi usiku ni Mkesha. Huanza gizani na huchelewa, masomo ya Agano la Kale yanaweza kufika saba, na watoto watasinzia wakati wa Kutoka, Waisraeli wakiwa katikati ya bahari. Walishe kabla, beba kanga mbili za kuwafunika, na kila mshumaa uvishe kipande cha boksi chini ili nta isiwaunguze vidole.

Nyama ya Pasaka iagize mapema, bei hupanda. Na kama mwezi unaishia ndani ya Juma Kuu, kama Machi ya 2026 ilivyoishia Jumanne, mshahara wa dada wa nyumbani utoke siku hiyohiyo, maana naye ana basi la Alhamisi la kwenda kwao na ana watu wanaosubiri mkoba wake. Na ongeza kilo ya sukari.